Ahadi kwa Mhunzi

Katika darasa letu limezuka swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Mtu amemwagiza fundi amtengenezee kitu, akatoa arbuni, kisha akabadili nia kabla ya kukichukua: je, amekosa, au hakukosa? Wengi wetu twalijibu mbio kwamba fundi amekwisha kupata arbuni yake, basi na ashukuru. Lakini swali hili halikutoka kitabuni. Limetutoka sisi wenyewe, na twaona ni haki kulieleza kama lilivyokuwa, ijapokuwa kulieleza ni kujifunulia aibu yetu.

Kabla ya Idi ya kuchinja ya mwaka jana, watatu katika sisi walikwenda Isiolo kutafuta mbuzi wa udhuhia. Mji huu, ulio kiasi cha kilomita 280 kaskazini ya Nairobi, ndio mlango wa nchi kavu za juu. Njia ya Marsabit na Moyale hupita hapo, na soko lake la wanyama lajulikana mbali. Wakaao humo ni Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na wengine waliotoka kila upande. Msafiri asimamapo kidogo tu hujiwa na wauzao bangili za shaba na za aluminiamu, na visu na majambia yaliyotiwa katika ala za ngozi nyekundu. Vitu hivi havitoki merikebuni. Vyafuliwa na watu wa huko huko.

Ndugu zetu walipoviona visu hivyo waliona ni vema kuagiza kimoja kilicho imara, kiwe cha darasa, cha kuchinjia kila mwaka. Walielekezwa kwa mhunzi mmoja, mtu wa makamo. Alipokwisha kusikia haja yao hakuanza na bei. Aliuliza kwanza, “Ni cha kuchinjia, au cha kukatia nyama iliyokwisha kuchinjwa?” Kisha akauliza ni nani atakayekishika. Akaushika mkono wa ndugu yetu huyo, ambaye viganja vyake ni vikubwa kuliko vya watu, akauzungushia uzi, akaupiga fundo kuweka kipimo. Wakapatana: chuma cha springi ya lori, bapa lenye urefu wa shubiri moja na vidole vinne, mpini wa mti mgumu, ala ya ngozi. Wakatoa theluthi ya bei kuwa ni arbuni, wakaagana baada ya siku kumi, ambapo mmoja wao angerudi kuchukua mbuzi waliosalia.

Waliporejea Mombasa wakaona dukani kisu cha kiwandani, kinang’aa, mpini wake wa plastiki, na bei yake haifiki hata nusu ya ile ya Isiolo. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja alisema, “Tumwachie arbuni yake, yatosha.” Wa pili, naye ni msomi kutushinda sisi sote, akaleta hoja nzito zaidi. Alisema kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, kununua kitu ambacho bado hakijakuwapo hakusihi ila kwa njia ya salam, nayo sharti lake ni bei yote ilipwe papo hapo katika kikao cha mapatano. Sisi tulitoa theluthi tu; basi mapatano hayakusihi tangu mwanzo. Tena arbuni ambayo humpotea mnunuzi akibadili nia haikukubaliwa na Mashafii. Kwa hivyo, akasema, hatudaiwi kitu, na hata ile arbuni ni mali yetu.

Twakiri kwamba hoja hii ilitupendeza. Ilikuwa na sura ya elimu, na ilitubakishia fedha mfukoni. Ndipo kijana mmoja, mdogo wetu kwa umri, alipouliza: “Lau kisu hiki tungalikuwa tumekiagiza kwa tajiri mwenye duka kubwa hapa mjini, anayetujua na kutuamkia msikitini, tungalitafuta hoja hizi?” Hatukuwa na jibu, kwani jibu tulikuwa tukilijua.

Ndugu msomaji, na tulitazame jambo hili kwa insafu.

Kwanza tujiulize mhunzi amefanya nini alipolikubali neno letu. Muuza duka akikosa mteja, kitambaa chake kinabaki rafuni na kesho atakinunua mwingine. Mhunzi hayuko hivyo. Yeye ameichukua springi, ameikata, ameitia katika makaa na kuivukutia mpaka ikawa nyekundu, ameiweka juu ya fuawe na kuipiga nyundo, kisha amekitia kisu maji. Na kutia maji ndiko kwenye ujuzi: chuma kikizidi ugumu huvunjika kama kigae, na kikipungua hakishiki makali. Baada ya hayo yote, springi haiwezi kurudi kuwa springi. Kilichobaki ni kisu kilichopimwa kwa uzi wenye fundo, kwa kiganja cha mtu mmoja, na mtu huyo ndiye asemaye kwamba hakitaki. Anayeagiza, basi, hakusema maneno matupu. Ametia neno lake katika moto wa mtu mwingine, na chuma na jasho la mtu huyo vimelifuata neno hilo. Wazee wetu waliposema kwamba ahadi ni deni, hawakukusudia kupamba mazungumzo.

Pili, tuitazame ile hoja ya kitabu. Ni kweli kwamba Mashafii wameweka sharti la kulipa bei yote mbele. Lakini ni nani aliyeacha kulitimiza sharti hilo? Si mhunzi, ni sisi. Tulikuwa na fedha tukazizuia, kisha kasoro ile ile tuliyoitia wenyewe tukaifanya ngao ya kujikingia. Sharti la salam limewekwa kuwaondolea watu udanganyifu na magomvi. Kulichukua likawa chombo cha kumdhulumu fundi ni kukishika kisu kwa upande wa makali. Na wanavyuoni hao hao, wanapoiona ijara imefasidi, hawaliachi jasho la mfanyakazi likauke bure, bali humpa ujira wa mfano wake. Roho ya sharia iko wazi kwa atakaye kuiona.

Zaidi ya hayo, wanavyuoni wa Kihanafi tangu zamani wamekubali istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, bila ya kulazimisha bei yote itangulie, kwa kuwa watu hawawezi kuishi bila ya hayo. Abu Yusuf aliona kwamba kazi ikitoka kama ilivyosifiwa, mwenye kuagiza hana hiari ya kuikataa, kwani kuikataa ni kumdhuru fundi. Rai yake ndiyo iliyoingizwa katika Majalla ya dola ya Uthmani, iliyotolewa baina ya 1869 na 1876. Na katika 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah, lilikata kwamba mapatano ya istisnaa hufunga pande zote mbili yakitimiza masharti yake. Haya hatuyataji ili watu wahame madhehebu kwa kila haja yao. Twayataja ili ijulikane kwamba haki ya fundi si jambo lililobuniwa na darasa letu.

Tatu, na hili ndilo lenye uchungu zaidi, tukubali ni kwa nini neno letu lilikuwa jepesi kwa mtu huyu. Ni kwa sababu ni mhunzi. Katika nchi hizo za kaskazini wahunzi wana majina yao: Wasomali huwaita Tumal, Waborana huwaita Tumtu, Wasamburu huwaita Lkunono, na kwa desturi ya zamani jamaa hizo zilidharauliwa, na watu wengine walikataa kuoana nazo. Mkuki aliofua hushikwa kwa fahari, na mkono ulioufua hutengwa. Wala sisi watu wa pwani tusijione tumepona. Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na migodi ya chuma na kwamba chuma ndicho kilichokuwa chumo lao kubwa. Siyu nayo ilikuwa na sifa kwa mafundi wake wa chuma, wa ngozi na wa mbao. Leo mwana wa pwani akisema kazi yake ni ya nyundo, twamwuliza alishindwaje shuleni. Na akija kuposa, twauliza ukoo wake kabla ya kuuliza swala yake.

Dharau hii hatukuipata katika dini. Qurani yatueleza kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daudi chuma akafua deraya, na Mtume (s.a.w.) akamtaja Daudi kwa sifa ya kula kwa kazi ya mkono wake. Na katika masahaba alikuwamo Khabbab bin al-Aratt, mhunzi wa Makka. Al-As bin Wail, mkubwa miongoni mwa Makureshi, alikuwa na deni lake kwa kazi ya chuma aliyomfanyia. Khabbab alipokwenda kudai, aliambiwa hatalipwa mpaka amkane Muhammad. Akakataa. Al-As akafanya mzaha, kwamba kama ni kweli watu watafufuliwa, basi huko naye atakuwa na mali na watoto, na huko ndiko atakakolipa. Zikateremka aya katika Sura ya Maryam kumfedhehesha. Na tuzingatie: mkubwa wa mji ameagiza kazi, mhunzi ameifanya, na malipo yamegeuzwa kicheko. Sisi hatukumtaka mtu aache dini yake. Lakini katika kuona kwamba haki ya mfua chuma yaweza kungoja siku isiyojulikana, je, tulikuwa mbali na yule bwana?

Hapana shaka yuko msomaji atakayesema: “Mbona hamsemi juu ya mafundi wenyewe? Wao hula arbuni, kisha kila siku ni njoo kesho.” Ni kweli, na twalaumu jambo hilo kwa ulimi ule ule. Fundi aliyeahidi springi akatia bati amehini. Aliyeahidi siku kumi akakaa miezi miwili bila ya udhuru amevunja ahadi. Na kisu kikitoka na ufa, au kikapinda kwa kukosa kutiwa maji sawasawa, mwenye kuagiza ana haki ya kukirudisha. Lakini hiana ya fundi mmoja si ruhusa ya kumhini mwingine, na mhunzi wetu wa Isiolo hakuwa amechelewa hata siku moja.

Basi tuliafikiana tukampelekea salio lake kwa simu. Na njia hiyo, ambayo imekuwako Kenya tangu 2007, ilitubatilishia hata udhuru wa umbali. Ndugu yetu mwenye viganja vikubwa alipofika Isiolo, mhunzi hakumkaribisha kwa lawama. Alimpa kisu mkononi, akamwambia afumbe vidole, akatazama kama mpini umekaa. Ulikuwa umekaa. Kisha akamwonyesha namna ya kukinoa juu ya kinoo, kwani Mtume (s.a.w.) ameamrisha mwenye kuchinja anoe kisu chake ili mnyama asiadhibike. Ndugu yetu asema kwamba aliona haya kufundishwa adabu hiyo na mtu ambaye wiki moja kabla yake alikuwa akitafuta njia ya kutomlipa.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu. Ukiagiza, sifu unachokitaka waziwazi, wala usiache neno la kubishaniwa. Toa mbele, ukiweza, bei yote. Usipoweza, basi usipungue gharama ya chuma. Tajeni siku. Kazi ikitoka kama mlivyopatana, ichukue na ulipe, hata kama umeona kingine cha rahisi njiani. Urahisi huo ulikuwa ni wa kutafutwa kabla ya kutoa neno. Na ukiwa na shaka ya namna ya kumtendea mtu wa kazi ya mkono, jiulize swali la kijana wetu: lau angalikuwa tajiri, ningalimfanya hivi?

Mwenyezi Mungu atuongoze katika kutimiza ahadi zetu, kwa mkubwa na kwa mdogo. Amin.