Mlipeni Maskini Mbuzi Wake

Enyi watu wa Kilifi, wa kanisa na wa msikiti, sikieni! Nabii Nathani alimpigia Mfalme Daudi hadithi ya maskini mwenye kondoo mmoja tu, aliyekua pamoja na watoto wake, hata tajiri akamtwaa akamchinjia mgeni. Daudi, asijue kwamba anayesemwa ni yeye, akawaka kwa hasira: kondoo huyo alipwe mara nne! Maskini wa Ganze na Magarini, mbuzi wake akiuawa kwa amri ya serikali, hadai mara nne. Adai mara moja tu.

Ugonjwa ukiingia zizini, serikali ina mamlaka. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, yaipa nguvu ya kuweka karantini, hata kuamuru mnyama auawe. Sipingi. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya, na pwani hii haikupona. Iko siku kifo cha mnyama mmoja huokoa kijiji. Lakini akifa kwa ajili ya kijiji kizima, mbona hasara abebe mama mmoja?

Fungueni Katiba ya 2010, Kifungu cha 40. Serikali haimwondolei mtu mali yake ila kwa manufaa ya umma, na hapo sharti alipwe kwa haki, yote, bila kukawizwa. Wanasheria wabishane wapendavyo. Mimi sijaona palipoandikwa kwamba mbuzi si mali. Wala msikimbilie kuilaumu Nairobi. Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo. Kaunti ndiyo sisi!

Nawe mfugaji, usichekelee. Kuku wakianza kuzubaa, wawahi kuwauza barabarani. Nguruwe akishikwa na homa, wamchinja usiku, na asubuhi nyama iko sokoni, na virusi vimo ndani yake. Homa hiyo ya nguruwe mtafiti Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921, na hadi leo twaitembeza kwa mikono yetu. Ni dhambi! Jirani yako amelala, nawe wamtia moto nyumbani. Tubu. Ila na aliyekufikisha hapo atubu pia, maana ukipiga ripoti wapoteza kila kitu, na ukinyamaza wapata angalau nauli na unga.

Muhogo ndio mtihani mkubwa zaidi. Michirizi kahawia, ugonjwa ambao mtafiti Storey aliuandika akiwa Amani, Tanganyika, mwaka 1936, mara nyingi huacha majani ya kijani huku mizizi ikioza chini. Afisa akimwambia mama wa Chonyi ang'oe shamba ambalo kwa macho yake lapendeza, amwomba imani kubwa kuliko niombayo mimi madhabahuni. Basi aje na mbegu safi mkononi, na chakula cha kumfikisha mavunoni.

Nguvu bila haki tumeiona ilipofika. Mwaka 1951, huko Kiembe Samaki, Unguja, palikuwa na wakulima waliokataa ng'ombe wao wadungwe kwa lazima sindano ya kimeta. Tarehe 30 Julai wakafungwa, umma ukainuka, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Na ile sindano ilikuwa ya kuokoa ng'ombe! Lakini ilishikwa na mkono uleule wa serikali uliokwisha kuchukua ardhi yao kwa uwanja wa ndege.

Uingereza mwaka 2001 iliua wanyama zaidi ya milioni 6 kwa ugonjwa wa miguu na midomo, ikawalipa wafugaji zaidi ya pauni bilioni 1. Mtaniambia wale ni matajiri. Kweli, na sisi hatuna mbuzi milioni 6 wa kulipia.

Lipeni bei ya soko la Bamba. Msizidishe, mtu asije akajitafutia ugonjwa. Msipunguze, asije akauficha. Na pesa zitoke siku ile ile, mizoga ikiwa bado haijafukiwa, si baada ya fomu kuzunguka ofisi hadi mwenye mbuzi achoke na kukata tamaa.

Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Wazee, akina mama, vijana, jazeni vikao vya maoni! Mwulizeni mwakilishi wa wadi yenu fungu la fidia liko ukurasa gani. Akianza kupekua karatasi, msimsaidie. Na lisipokuwamo, msiondoke ukumbini.