Heri Nusu Shari?

Hoja ya kumpigia kura mgombea mwenye ubaya mdogo, iliyo jirani na kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ya kuvumilia madhara mepesi ili kuepusha mazito, huchukulia kwamba machaguo yamekwisha kupangwa na mpiga kura hana mkono katika kuyapanga. Mwanazuoni wa Marekani W. E. B. Du Bois aliikataa dhana hiyo mwaka 1956, alipotangaza kwamba hatapiga kura katika uchaguzi wa rais wa Marekani, kwa kuwa aliviona vyama vya Democratic na Republican kuwa chama kimoja chenye majina mawili. Hata hivyo, mwaka 2000 George W. Bush wa chama cha Republican alitwaa Florida, na pamoja nayo urais, kwa tofauti ya kura 537, ilhali Ralph Nader wa chama cha Green alipata huko zaidi ya 97,000. Kumlaumu Nader peke yake kwa kushindwa kwa chama cha Democratic ni kusahau, kama wasahauvyo kwa urahisi walioshindwa, kwamba ni utaratibu wa kumpa anayeongoza wajumbe wote wa jimbo, ambao ndio humchagua rais, uliozifanya kura hizo kuwa na madhara. Kwa hiyo kuvikataa vyama viwili kuna uzito wa kimaadili pale tu kunapoandamana na juhudi za kuubadili utaratibu huo.