Barua ni Nusu ya Kuonana. Nusu ya Pili i Wapi?

Wazee wetu walisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Aghlabu neno hili hutajwa kwa furaha, kuwa aliye mbali amekaribia. Lakini mwenye kulitazama kwa makini ataona kwamba ndani yake mna onyo pia: nusu nyingine haikuja. Sauti imebaki kwa mwandishi, na uso wake, na kule kutabasamu kwake. Kilichofika ni maneno peke yake, na msomaji hana budi kuijaza ile nusu iliyokosekana kwa mali yake mwenyewe. Akiwa na furaha huijaza kwa furaha. Akiwa na kinyongo huijaza kwa kinyongo. Basi neno likisomwa kwa sauti ambayo mwandishi hakuikusudia, na ugomvi ukazuka, dhima ni ya nani? Ya aliyeandika, au ya aliyesoma?

Zamani watu wa pwani waliijua hatari hii na wakajikinga nayo. Tazama barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zile zilizokusanywa na Mjerumani C. G. Büttner na kupigwa chapa Berlin mwaka 1892. Kabla ya haja kutajwa, hutangulia salamu, na sifa za anayeandikiwa, na habari za afya na za jamaa. Vijana wa leo huona kuwa huko ni kupoteza wakati. La hasha. Salamu zile zilikuwa ndizo sauti ya barua. Msomaji alipofika kwenye haja, au hata kwenye deni analodaiwa, alikwisha kujua kwamba anayesema naye ni mpenzi wala si adui. Leo tuna simu mkononi, na kila jamaa, kila msikiti, kila chama kina kundi lake la kuandikiana. Twaandika mara arubaini kwa siku, bila salamu, tukiwa njiani au sokoni. Na yule mwingine husoma akiwa amechoka, au amelala nusu. Maneno yameongezeka, na kinga yake imeondolewa.

Tena lugha yetu yataka sauti kuliko tudhanivyo. Katika Kiswahili, mara nyingi swali na habari huwa kwa maneno yale yale, na linalotenga baina yake ni kupanda na kushuka kwa sauti. Mama aliyeko Kisauni amwandikia mwanawe: “Umepata mshahara”. Je, auliza? Au amwambia kwamba habari anayo, na bado hajaona kitu? Alama moja ndogo ya kuuliza ingalitosha kuokoa mapenzi ya mama na mwana, lakini vidole vina haraka. Kadhalika neno “haya”. Likitamkwa laweza kuwa kukubali, au kuhimiza, au kukata tamaa, au kumwambia mtu kwa ghadhabu afanye atakavyo. Likiandikwa peke yake ni kama mlango uliofungwa: hujui nyuma yake yuko nani.

Jambo hili huzidi maneno yavukapo kutoka mji mmoja hadi mwingine. Chukua mfano wa Bahati, nchi ya mashamba iliyo kaskazini ya Nakuru, katika njia iendayo Subukia na Nyahururu. Wako ndugu zetu wa pwani waishio upande huo kwa kazi, kwa biashara na kwa ndoa. Kiswahili cha huko kimekuwa lugha ya kukutania watu wa makabila mbali mbali, nacho hulisema lililokusudiwa kisha hunyamaza. Mtu wa Bahati huandika “Kuja kesho” au “Nitumie pesa ya mbolea”, wala moyoni mwake hamna kiburi chochote. Msomaji wa Mombasa, aliyezoea “hebu” na “tafadhali” na “ndugu yangu”, huona kwamba ameamrishwa kama mtumwa. Na kinyume chake ni vivyo hivyo. Mtu wa pwani huandika “Inshallah, tutaona”, akikusudia kukataa kwa adabu. Yule wa Bahati huichukua kuwa ni ahadi, akangoja, kisha akasema kwamba watu wa pwani ni waongo. Hapana aliyesema uwongo, na hapana aliyetukana. Kila mmoja ameazima sauti ya mtaani kwake akaitia katika maneno ya mwenziwe.

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi yetu peke yetu. Huko Marekani mwalimu mmoja, Scott Fahlman, alipendekeza tarehe 19 Septemba 1982 kwamba wanaoandikiana kwa mashine watie alama ya uso unaocheka, ili mzaha usidhaniwe kuwa ni kweli. Mwaka 2005 wataalamu wakiongozwa na Justin Kruger na Nicholas Epley walitangaza jaribio lao. Watu waliambiwa wapeleke maneno, mengine ya dhati na mengine ya kejeli, kwa kuandika au kwa sauti. Wapelekaji walitaraji kwamba wapokeaji wataitambua nia yao kiasi cha mara 78 katika 100. Waliosikia sauti walipata karibu 73. Waliosoma tu walipata karibu 56, nayo si mbali na kubahatisha. Linalotisha hapo si kwamba msomaji alikosea, bali ni kwamba mwandishi hakushuku lolote. Yeye aliisikia sauti yake mwenyewe kichwani alipokuwa akiandika, akadhani imeingia katika herufi.

Wanavyuoni wetu waliuona upungufu huu wa herufi zamani sana. Yasimuliwa kwamba misahafu ilipopelekwa mijini katika zama za Sayyidna Uthman, wasomaji nao walipelekwa pamoja nayo, ili watu wapokee kutoka kinywani wala wasitegemee karatasi peke yake. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu pwani, uko mfano ulio wazi zaidi. Neno la talaka likitamkwa kwa tamko la wazi huitwa sarih, wala mtamkaji haulizwi alikusudia nini. Lakini mtu akiliandika bila ya kulitamka, huhesabiwa kuwa ni kinaya: huulizwa nia yake, na ikiwa hakunuia, maandishi yale hayavunji ndoa. Taamali, ewe msomaji. Ikiwa katika jambo zito la kuvunja nyumba maandishi hayahukumiwi mpaka mwenyewe aulizwe, vipi sisi twavunja undugu wa miaka thelathini kwa mstari mmoja wa simu, bila ya kuuliza?

Hapa msomaji aweza kunipinga, na upinzani wake una haki. Atasema: “Wewe watufundisha kudhani mema daima. Yako maneno ambayo kuyadhania mema ni kujiangamiza.” Ni kweli, na ushahidi uko huko huko Nakuru. Neno “madoadoa”, kwa mtu wa pwani, ni madoa ya chui au ya nguo. Katika Bonde la Ufa, tangu fitina za miaka ya 1990, lilitumiwa kwa watu wa makabila mengine waliotakiwa waondoke. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maneno ya chuki yalipita katika simu kwa maandishi mafupi, na mwezi wa Januari 2008 moto na mapanga vilifika Nakuru. Waliokimbia makwao wakajaa katika uwanja wa maonyesho wa mji huo. Mwezi wa Januari 2022 seneta mmoja alilitamka neno hilo hadharani mjini Eldoret, akakamatwa. Basi mtu wa Bahati akisoma “tuondoe madoadoa” na moyo wake ukaruka, hana dhana mbaya. Ana kumbukumbu.

Lakini upinzani huu hauivunji kanuni yetu, bali waikamilisha. Mafakihi hawakusema kwamba kila neno ni kinaya, na walikubali kwamba ada ya watu ina hukumu yake. Neno liwezalo kuwa kinaya Mombasa laweza kukaribia kuwa sarih Bahati, kwa sababu ya yale watu waliyoyaona. Tuchukulie mtu wa pwani, katika kundi la jamaa, aandika kwamba jamaa yetu ina madoadoa, yafaa tuyaondoe, akikusudia tabia mbaya. Nia yake ni safi. Lakini ujumbe wake wafika Bahati kwa nukta moja, na ile ada iliyoufanya uwe safi haikusafiri nao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa imelitambua hili: katika kosa la maneno ya chuki yaangaliwa nia, na yaangaliwa pia mazingira yote, kama yaelekea kuchochea chuki.

Na sisi wa pwani tusijitakase. Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ilipotoa orodha ya maneno ya hatari mwezi wa Aprili 2022, mlikuwamo “madoadoa”, na mlikuwamo pia “wakuja” na “wabara waende kwao”. Wengi wetu hutamka “mbara” kwa wepesi, kama asemaye “mtu wa Lamu”. Aliyefukuzwa Likoni mwezi wa Agosti 1997 halisikii kwa wepesi huo. Tukitaka tuulizwe nia zetu kabla ya kuhukumiwa, nasi tumwulize wa Bahati nia yake.

Basi yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kujihadhari na kuhukumu. Kujihadhari hakuhitaji yakini. Mwenye kusoma neno la kutisha aweza kuwaondoa wanawe usiku ule ule, na kuwapa habari wenye mamlaka, wala hakumdhulumu mtu. Kuhukumu kwahitaji yakini. Kumwita mwenzio adui, kumtoa katika kundi, kumtangaza mitaani, hayo hayajengwi juu ya sauti ambayo hukuisikia. Sura ya Hujurat, katika aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na katika aya ya 12 imetukataza dhana nyingi. Amri hizi mbili hazimkatazi mtu kufunga mlango wake. Zamkataza kuvunja mlango wa jirani.

Sasa swali letu laweza kujibiwa. Dhima haiko kwa mmoja. Imegawanywa, na kila mtu ana fungu lake.

Fungu la mwandishi ni kujua neno lake laenda wapi. Atie salamu, hata iwe fupi. Atie alama ya kuuliza. Na jambo lenye uchungu asiliandike maadamu aweza kupiga simu. Kusema “mimi sikukusudia hivyo” kwamtoa katika kosa la nia, lakini hakumtoa katika kosa la uzembe.

Fungu la msomaji ni kuuliza kabla ya kujibu. “Ndugu yangu, nimelisoma neno lako hivi, ndivyo ulivyokusudia?” Maneno haya hayana gharama, na aliyekusudia ubaya kweli atadhihirika kwa jibu lake.

Fungu la tatu ni la mtu ambaye hatukumtaja, naye aghlabu ndiye mwenye madhara makubwa kuliko wote: yule achukuaye maneno ya mtu akayapeleka kundi jingine. Mwandishi alikosa sauti. Msomaji aliitia yake. Huyu hukata yaliyotangulia na yaliyofuata, akatia sauti ya tatu, kisha akakaa pembeni akitazama. Wazee wetu walimjua kabla ya simu kuwako, wakamwita mfitini.

Nusu ya pili ya kuonana, basi, haikupotea. Imewekwa amana katika moyo wa anayesoma, na amana yarejeshwa kwa mwenyewe kama alivyoiacha. Asiyejua jinsi ilivyokuwa, na amwulize mwenyewe.

Wa billahi taufiq.