Mikono Haipakiwi Kwenye Fuso

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii imegeuzwa fimbo. Mwanamke aliyeachika, aliyefiwa na mume au aliyezaa na mtu asiyeonekana tena huisikia ikitajwa pale mwanawe anaponaswa na sigara nyuma ya vyoo vya shule, au matokeo ya hesabu yanapotoka vibaya. Anayeitamka hutikisa kichwa, akimaanisha kwamba nyumba isiyo na baba haina malezi. Naona methali inasingiziwa. Waliotuachia msemo huu hawakuwa wakihesabu wazazi. Walikuwa wakieleza kazi ilivyo.

Tuitazame kazi yenyewe. Anayemwogesha mtoto mchanga hushika shingo kwa mkono mmoja, akamwagia maji kwa wa pili. Hiyo ndiyo picha ya juu ya methali, na kila aliyewahi kukaa karibu na beseni la mtoto anaielewa bila kufafanuliwa. Lakini mchanga anaweza kutosheka na mikono miwili ya mtu yuleyule. Kijana wa miaka 15 hahitaji kushikwa shingo, na ukimshika atakuponyoka. Yeye anataka mikono ya watu mbalimbali: wa kumlisha, wa kumkemea, wa kumcheka akijiona mkubwa, na mmoja wa kumsikiliza siku ile ambayo hataki hata kumtazama mama yake usoni. Kwa hiyo methali inawagusa wenye vijana kuliko wenye wachanga, ingawa tumezoea kuitaja kwenye arobaini za watoto.

Watu wa kale walilijua hili, tena hawakuliacha lijiendee. Pwani, msichana aliyevunja ungo hakufundwa na mamaye. Alikabidhiwa somo, mwanamke mwingine kabisa, aliyemweleza mambo ambayo mama angeona haya kuyataja na binti angeona haya kuyasikia kwa mama. Mvulana alipelekwa jandoni, akakaa chini ya kungwi. Hakuna aliyesema mama wa mwali yule ameshindwa kulea kwa kuwa mtu mwingine ndiye aliyemfunda mwanawe. Kumkabidhi kulikuwa sehemu ya kulea. Baba na mama wakiwa wote ndani ya nyumba, bado walihesabiwa kuwa mkono mmoja.

Hapo ndipo mzazi wa peke yake na mzazi mwenye mwenzake wanapokutana. Wanapotengana ni siku ya kuhama.

Tuchukue mfano ambao Tanzania imeuona mara nyingi katika miaka hii. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukalala kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli. Mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuutambua mji huo kuwa makao makuu. Maelfu ya watumishi wakafunga mizigo. Tuseme mmoja wao ni karani wa masjala katika wizara fulani, mama wa watoto wawili, binti wa kidato cha tatu na mvulana wa kidato cha kwanza, aliyepanga Tandika, Dar es Salaam, tangu wakiwa wadogo. Baba yao hayupo, sababu haituhusu.

Kule Tandika mama huyu alionekana analea peke yake. Kumbe bibi alikuwa mtaa wa pili. Mwenye duka alijua yupi akitumwa harudishi chenji. Mwalimu wa madrasa alikuwa akipiga simu mvulana asipofika. Jirani mwenye kibaraza cha mbele, ambaye kazi yake kubwa ilionekana kuwa umbea, ndiye aliyekuwa akisema, "Mama, binti yako nimemwona stendi saa za shule." Hakuna hata mmoja kati yao aliyelipwa, wala kushukuriwa ipasavyo. Nadhani umbea wa kibarazani umeokoa vijana wengi kuliko mihadhara ya maadili.

Mtumishi akihamishwa, mwajiri hugharimia nauli yake na ya watoto, husafirisha mizigo, na ipo hata posho inayoitwa ya usumbufu. Kabati linapakiwa kwenye Fuso, jokofu linapakiwa, godoro linafungwa juu kwa kamba. Bibi hapakiwi. Mwenye duka hapakiwi. Mama anafika Dodoma na vyombo vyake vyote, ila mikono yote imebaki Tandika, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza anakuwa mkono mmoja kweli.

Sitakaa sana kwenye shida za siku za mwanzo, maana kila aliyehama anazijua. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, maji ya bomba yana chumvi, upepo wa Juni unaingiza vumbi na baridi chini ya mlango. Hayo huzoeleka. Lisilozoeleka ni saa. Ofisi nyingi za wizara ziko Mji wa Serikali, Mtumba, nje ya katikati ya mji. Mama anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Watoto wanatoka shule alasiri. Kati ya saa tisa na saa moja usiku vijana wawili wako kwenye mtaa ambao hakuna anayewajua kwa jina, na wao hawamjui mtu wa kumwogopa.

Mama anapoanza kutafuta msaada, mkono ulio karibu kuliko yote ni wa binti yake. Ni rahisi mno kuushika. Binti anapika, anafua, anampokea mdogo wake, anajua LUKU imebaki uniti ngapi, na kila mgeni anayepita anamsifu: huyu mtoto ameiva. Baada ya muda mama anamweleza madeni yake na ugomvi wake wa kazini, kwa kuwa hana mtu mzima wa kumweleza. Mvulana naye anaambiwa, "Wewe ndiye baba wa nyumba hii sasa," maneno ambayo wajomba hupenda kuyatamka misibani bila kufikiri. Mtoto wa miaka 13 anabebeshwa cheo ambacho mwenyewe aliyekuwa nacho kilimshinda.

Kazi za nyumbani si kosa. Mtoto asiyejua kusonga ugali ameonewa na wazazi wake. Ninachokipinga ni kumfanya mtoto awe mkono wa pili wa malezi yake mwenyewe. Methali inamtaja mwana upande mmoja na mkono upande mwingine. Ukimhamisha mwana akawa mkono, hapo mwana hayupo tena, na hakuna anayelelewa. Binti wa namna hiyo huonekana hana tatizo lolote kwa muda mrefu. Halafu siku moja anapata mtu wa kumwambia kwamba amechoka, na mtu huyo mara nyingi ni mwendesha bodaboda wa kijiweni.

Tufike hapo basi, kwa sababu methali ina upande wenye giza. Mkono unaolea na mkono unaonyakua yote ni mikono, na mgeni hana njia ya haraka ya kuitofautisha. Familia iliyohamia juzi, isiyo na mwanamume, yenye msichana wa miaka 16, huvutia wema mwingi wa ghafla. Anatokea "mjomba" ambaye hakuna mama yeyote aliyezaliwa naye, anayejitolea kumpeleka mtoto shule kwa pikipiki. Sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ni sheria kali na sina neno nayo, lakini hufika baada ya jambo kutokea. Wa kufika kabla ni jirani wa kibaraza, na huyo bado hajapatikana.

Wazee walikuwa na methali nyingine ya kuizuia hii isizidi mpaka: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengi huzisoma mbili hizi kama zinapingana, nami naona zinagawana kazi. Ya kwanza inasema nani anafanya kazi ya kulea, na jibu ni watu wengi. Ya pili inasema nani anaamua mkono upi uguse na upi usiguse, na jibu ni mzazi. Somo hakuwa mwanamke yeyote aliyepita njiani. Alichaguliwa, alijulikana kwao na mwenendo wake. Anayesema "kijiji kizima kinalea" na kuishia hapo amesahau kwamba kijijini watu walijuana mpaka babu zao.

Sasa mgeni achague vipi mahali asipomjua mtu? Hapa ndipo wenyeji wanapoingia, na kwa maoni yangu methali inawadai wao kuliko inavyomdai mama. Mfumo wa nyumba kumi ambao chama cha TANU kiliuweka katika miaka ya 1960 ulikuwa wa siasa na usalama, na wapo wenye kumbukumbu mbaya nao, lakini ulikuwa na faida moja: mgeni hakukaa wiki bila mtu kujua ametoka wapi na ana watoto wangapi. Leo, hapo Dodoma, mtu anaweza kuishi Iyumbu au Nzuguni mwaka mzima nyuma ya ukuta na geti, na mara ya kwanza kuonana na mwenyekiti wa mtaa ikawa siku anapohitaji barua ya utambulisho. Kubisha hodi kwa mgeni, kumuuliza jina la mwanawe na anasoma wapi, kulikuwa adabu. Siku hizi tunakuita kuingilia.

Mama naye asingoje. Jumuiya ndogondogo ya kanisani, madrasa, kikoba cha wanawake wa mtaani, mwalimu wa darasa ambaye umeonana naye kabla hajakuita kwa kesi: huko ndiko watu wanakojulikana taratibu, mbele ya watu wengine, na mkono mbaya haupendi kuonekana mbele ya watu. Ajue pia kwamba watoto wenyewe ndio watakaomtangulia kupata marafiki. Tandika alikuwa akiitwa kwa jina la binti yake, kama ilivyo desturi ya mwanamke kuitwa kwa mtoto wa kwanza. Mtaa mpya hauijui desturi ya nyumba yake. Ukimwona mvulana kila jioni kwenye kiwanja cha mpira, utamwita mama huyo kwa jina la mvulana, na binti atanuna. Kupitia kiwanja hicho mama ataletewa kocha, mama wa golikipa, na mzee anayekaa chini ya mti akitazama mechi asizozielewa. Awasalimie wote.

Kuna mkono mmoja zaidi, wa baba aliyebaki Dar es Salaam, kama yu hai na kama si mtu wa kuogopwa. Hasira ya kuachana humfanya mama aone kuhama ni nafasi ya kuukata kabisa. Ninaielewa hasira hiyo, ila uamuzi wenyewe siuungi mkono. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inapozungumzia nani akae na mtoto, inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake, na inatambua kwamba si vizuri kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha mikononi. Hakimu asiyemjua binti huyu angemuuliza anataka nini. Wazazi wangapi huwauliza vijana wao kabla dereva wa Fuso hajafika mlangoni? Wengi huwaambia wiki ya mwisho, tena kwa sauti ya kutangaza msiba, halafu hushangaa mtoto akikaa miezi bila kuongea.

Kuuliza kuna hatari yake, kwa kuwa kijana anaweza kujibu. Binti wa kidato cha tatu anaweza kusema, "Mama, mimi sihami. Nitakaa kwa bibi mpaka nimalize." Mwakani ana mtihani wa taifa. Walimu wake wanamjua, masomo yake ya sayansi yana maabara, na akisajiliwa kufanya mtihani kwenye kituo kimoja, kumhamishia kituo kingine si jambo la kuandika barua moja. Mama atasikia kwamba mwanawe anamkataa. Majirani watasema amemtelekeza mtoto ili apate nafasi. Shangazi mmoja, hakosekani, ataikumbuka methali na kuitumia kinyumenyume: si tulisema, mkono mmoja haulei.

Kumbe binti ameielewa methali vizuri kuliko wote. Ameona mikono iko wapi. Anachomwomba mama ni kukubali kwamba kwa mwaka mmoja na ushei mkono wa bibi una nguvu Tandika kuliko wake Dodoma, na kwamba kumwachia bibi si kumtupa mtoto. Linabaki suala la uchungu, ambao ni wa mzazi na hauhamishiki: nani atampigia kila usiku, nani atalipa nauli ya likizo, mama atajuaje bibi akianza kuzidiwa. Hayo yanapangwa na watu watatu wakiwa wamekaa chini, binti akiwemo, kabla ya mizigo kufungwa. Mvulana aende Dodoma na mama. Binti atafuata: kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu Dodoma kwa saa chache.