Mwenye Kuzuru Bustani za Al-Hamra

Limeulizwa mara nyingi suala hili, nalo lastahili jawabu: Muislamu aliyejaaliwa uwezo wa kusafiri, akafika nchi ya Andalusi, ambayo leo ni Uhispania, akaingia katika bustani za jumba la Al-Hamra na za Jannatul Arif mjini Granada, mji ambao Waarabu waliuita Gharnata, je, safari yake hiyo ina kheri ndani yake au ni upuuzi mtupu? Wako wasemao kuwa ni israfu kutoa mali kwenda kutazama kuta za wafalme ambao wao wenyewe wamekwisha kuwa mchanga. Na wako waendao, wakarejea na machozi, wakasimulia barazani utukufu wa Waislamu wa kale, hata kila aliyeketi pale akadhani kuwa utukufu huo ni mali yake aliyorithi, na kuwa hakubakiwa na kazi ya kufanya ila kuulilia. Kauli zote mbili zina upungufu.

Wenye kauli ya kwanza hushika hadithi ya Mtume, sala na salamu zimshukie, alipopita na jeshi lake katika maskani ya Thamud huko Al-Hijr, katika safari ya Tabuk, akawakataza masahaba wasiingie kwa wale waliodhulumu nafsi zao ila wawe wenye kulia. Hadithi ni sahihi, bali kuitia hapa kwa ukamilifu wake hakufai. Watu wa Gharnata hawakuwa kaumu iliyoangamizwa kwa kumkadhibisha mjumbe wao. Walikuwa Waislamu, wakisali na kufunga, na miongoni mwao walikuwamo wanazuoni ambao vitabu vyao vyasomwa mpaka leo. Juu ya hayo, Qurani yenyewe imewaamrisha watu watembee katika ardhi watazame mwisho wa waliowatangulia. Basi kwenda kwajuzu, na lililobaki ni kujua mtu atazame nini.

Mwaka 1238 Muhammad bin Yusuf, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Ahmar, aliyeanzisha ufalme wa Bani Nasri, aliingia Gharnata akaanza kujenga ngome na jumba juu ya kilima. Kilima kile kilikuwa kikavu. Maji yalikuwa chini bondeni, katika mto Darro. Mafundi wakaufuata mto kwenda juu kiasi cha kilomita 6, wakayakinga maji mahali palipoinuka kuliko kilima chenyewe, wakayachimbia mfereji ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, hata yakafika jumbani kwa kwenda kwake yenyewe. Mfereji huo ukaitwa Saqiyatu Sultan. Lau si huo, pasingekuwa na hamamu, wala birika la kutawadhia, wala mchungwa mmoja. Watu husifu nakshi za dari na nguzo za marimari, na zastahili kusifiwa. Lakini mwenye akili ataanza na mfereji, kwani yote mengine yalikunywa kwake.

Juu kidogo ya jumba, mlimani, ndiko iliko Jannatul Arif, bustani ya kupumzikia wafalme, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 13 na kutengenezwa upya na Sultani Ismail wa kwanza mwaka 1319. Ndani yake mna ua mrefu ambao mfereji wapita katikati yake, na juu zaidi mna ngazi ambazo maji huteremka juu ya kuta zake za pembeni, mahali ambapo mtu huweka mkono apandapo. Na chini ya kuta hizo ni mashamba ya mboga na matunda. Hili husahauliwa. Bustani ile ya kifalme ilikuwa pia shamba la kulisha watu, na sehemu yake hulimwa mpaka leo.

Hapa pana jambo ambalo wengi wa wenye kulia hawalijui. Bustani waionayo kwa macho yao haikupandwa na Bani Nasri. Baada ya Manasara kuutwaa mji mwaka 1492, Jannatul Arif ilipita mikononi mwa walinzi mbalimbali, ikatua kwa ukoo wa Granada Venegas, nao ni watu ambao asili yao ni mabwana wa Kiislamu waliotanassari. Hawakuiachilia mpaka mwaka 1921, baada ya kesi ndefu, ndipo ilipokuwa mali ya dola. Kisha msanifu Leopoldo Torres Balbás, aliyesimamia Al-Hamra tangu mwaka 1923 mpaka 1936, akalitengeneza jumba na bustani zake. Na mwaka 1931 akaanza kupanda bustani mpya, ambazo Francisco Prieto Moreno alizikamilisha mwaka 1951. Ile mivinje iliyokatwa ikawa kama kuta za kijani ni kazi ya karne ya 20. Hata zile chemchemi zirukazo pande mbili za mfereji na kukutana hewani, ambazo kila mgeni hupigia picha, ziliongezwa zama za baadaye sana. Bani Nasri waliyapenda maji yaliyotulia, yaonyeshayo sura ya nyumba na mbingu. Mwaka 1958 moto uliunguza sehemu ya majengo, na wachimbuzi walipochimba uani wakaikuta bustani ya asili, udongo wake uko chini kuliko ule uliokuwa ukikanyagwa, na njia zake zimekatana katikati kuigawa mafungu manne, pamoja na matundu yaliyokuwa yakipitisha maji ya kunyweshea.

Je, aliyelia pale amedanganywa? Yataka kupambanua. Bustani si kama jiwe. Waridi lililonuswa na watumwa na wafalme wa karne ya 14 halikuishi miaka 100, na watunza bustani wa Bani Nasri wenyewe walikuwa waking'oa mti uliokufa na kupanda mwingine mahali pake. Mwenye kupaka chokaa msikiti wa kale hakuugeuza kuwa msikiti mwingine. Bali mwenye kuandika mlangoni mwake tarikh isiyokuwa yake amesema uongo. Na kwa haki, Torres Balbás alikuwa mtu wa amana katika kazi yake: palipopotea nakshi hakutunga nakshi ya uongo, alipaacha pakiwa wazi, ili mwenye kutazama ajue lipi ni la kale na lipi ni kiraka. Uongo, kama upo, ni wa mwenye kuzuru asiyeuliza. Huyo hulilia mivinje iliyopandwa na Mnasara, akidhani kuwa analilia mkono wa babu yake.

Tena wako wapi hao mababu, na walikuwaje? Ukutani mwa Al-Hamra, juu ya milango na kandokando ya madirisha, mara zisizohesabika, yameandikwa maneno ya kuwa hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Husimuliwa kuwa Ibn al-Ahmar aliyasema aliporejea mjini, watu wakampokea kwa kumwita mshindi. Ni maneno ya haki, na kila Muislamu huyasoma kwa moyo mkunjufu. Lakini mwenye kuzuru na aulize pia ni vita gani ile. Mwaka 1248 mji wa Sevilla, uliokuwa katika miji mikubwa ya Kiislamu, ulianguka mkononi mwa Mfalme Fernando wa Castilla, na Ibn al-Ahmar alikuwa pamoja na Fernando, na askari wake wa farasi walipigana upande huo, kwani alikuwa amefanya naye mapatano na kukubali kumtumikia ili ufalme wake mwenyewe usalimike. Wako wasemao kuwa alilazimika, na kuwa kwa hila ile Uislamu ulibaki Gharnata miaka 250 zaidi. Huenda ikawa hivyo. Bali maneno yale ukutani huwa na uzito mwingine akumbukapo mtu kuwa aliyeyaandikisha alikuwa na sababu ya kuona haya kuitwa mshindi.

Au na watazamwe washairi wawili. Lisanuddin Ibn al-Khatib alikuwa waziri, tabibu na mwanatarikh, na Ibn Zamrak alikuwa mwanafunzi wake. Mwalimu alipoangukiwa na hasira ya Sultani Muhammad wa tano akakimbilia Maghribi, mwanafunzi alikuwa miongoni mwa waliomfuatia kwa mashtaka ya uzushi. Na mwaka 1374 Ibn al-Khatib alinyongwa gerezani mjini Fes. Beti zilizochongwa ukingoni mwa lile bakuli la marimari, libebwalo na simba 12, ambalo watu husafiri nchi mbali kuliona, ni za yule mwanafunzi. Naye baadaye aliuawa nyumbani mwake. Na chini ya kilima kile kile mlimo na bustani mna mashimo yaliyochimbwa ardhini, walimokuwa wakishushwa mateka wa Kinasara kwa kamba wakati wa usiku. Watu wazima husema kuwa mambo hayo yasitajwe, kwani yatawafurahisha maadui. Kauli hii ni dhaifu. Tarikh iliyochaguliwa ili kupendeza haimfundishi mtu lolote, na mtoto aliyelishwa sifa tupu huja kuyasoma mabaya katika vitabu vya wengine, asiwaamini tena wazee wake hata kwa mema.

Haya hayakusemwa ili kukataza machozi. Machozi yana haki yake Gharnata, ila yana watu wake. Wengi humlilia Abu Abdillahi, sultani wa mwisho, na kurudia hadithi ya mama yake kumkemea njiani alipougeukia mji akalia. Hadithi ambayo wanatarikh wanaitilia shaka. Sultani huyo alipewa ardhi, kisha akavuka bahari akaenda zake Fes. Waliobaki ni raia. Wao waliahidiwa kwa mkataba wa Novemba 1491 kuwa wataachiwa dini yao, misikiti yao na makadhi wao, na haikupita miaka 10 ahadi ikavunjwa, wakalazimishwa kubatizwa. Mwaka 1526 balozi wa Venice, Andrea Navagero, alipita huko, akaisifu Jannatul Arif na maji yake, na akaona kuwa ile nchi ilikuwa ikistawi kwa mikono ya hao waliobaki, na kuwa mahali walipotoweka bustani zilikuwa zikiharibika. Kisha baina ya 1609 na 1614 watu kiasi cha 300,000 wa uzao wao walifukuzwa Uhispania yote, na wengi wao walikuwa wakulima, wajuao kupima mteremko wa maji na kugawana zamu za mfereji pasi na ugomvi. Majina yao hayakuchongwa ukutani. Mwenye kutaka kulia na asimame penye mfereji, asisimame penye kiti cha enzi.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki pana kiungo ambacho hakihitaji kubuniwa. Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alifika Kilwa mwaka 1331, na miaka isiyotimia 20 baadaye alifika Gharnata, akakaa katika bustani moja ya mji huo na wenyeji wake, na miongoni mwao alikuwa Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyemwandikia safari zake. Macho yale yale, basi, yaliiona miji yote miwili katika siku za neema zao. Kilwa nayo ilikuwa na jumba lake, Husuni Kubwa, juu ya jabali mbele ya bahari, na birika la pembe nane ndani yake. Na Ibn Battuta alipoandika habari za Sultani Hasan bin Sulaiman, lile alilolishika zaidi ni ukarimu wake: alitoka katika sala ya Ijumaa, akasimamishwa na fakiri wa Kiyemeni aliyemwomba zile nguo alizovaa, naye akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akampa. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa wakaipora, miaka 13 tu baada ya Gharnata kuanguka. Leo birika lile halina maji. Hakuna aliyelipanda miti kandoni mwake, wala tikiti za kuliona hazigombaniwi, hali Al-Hamra hupata wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Ila zile nguo za fakiri zimefika salama mpaka zama hizi, na aliyezitoa hutajwa kwazo.

Basi aliyejaaliwa kwenda na aende, kama amekwisha kulipa madeni yake na kuacha masurufu kwa ahali zake. Na akirejea barazani, aulizwe maswali mepesi: mfereji unatoka wapi, nani aliuchimba, nani anauzibua leo unapoziba kwa majani. Asiyeweza kujibu alikwenda kujitazama mwenyewe majini. Na aulizwe kama alivuka bonde kwenda mtaa wa Albaicín ulio mkabala wa jumba. Huko mwaka 2003 ulifunguliwa msikiti mpya, baada ya miaka zaidi ya 500 ambayo mji ule haukujengewa msikiti. Kandoni mwake mna bustani ndogo yenye maji, na watu wa mji wasio Waislamu huingia wakaketi humo jioni, wakiitazama Al-Hamra ng'ambo ya pili inavyogeuka nyekundu, mpaka wakati wa Magharibi unapoingia na wenye kusali wakawapita kwenda ndani.