Kombe Liacheni Dukani Kwanza

Wanangu, nimesikia mnataka kuanzisha ligi ya mtaa na mmekwisha kuchangishana fedha za kombe. Moyo wenu naupenda. Lakini kabla hamjalinunua, nisikilizeni habari za watu wa Adelaide, kusini mwa Australia.

Watu hao wana futiboli yao, inayochezwa kwenye uwanja wa umbo la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuudaka mpira, kukimbia nao huku akiudundisha, kisha kuupiga upite kati ya nguzo. Klabu ya kwanza ilizaliwa mjini pale mwaka 1860, na kwa muda mrefu hapakuwa na sheria moja ya wote. Manahodha walilazimika kupatana kwanza mechi ichezwe kwa sheria za nani. Nyinyi mnaocheza chandimu mnajua ubishi wa aina hiyo unavyokula jioni nzima.

Tarehe 30 Aprili 1877 wajumbe wa klabu wakakaa kitako, wakakubaliana sheria, wakaunda chama. Chama hicho kingali hai, na leo kinaitwa SANFL. Ligi ya soka ya Uingereza, iliyotangulia hii isiyowapita kila wikiendi, ilianza 1888. Hawa waliitangulia kwa miaka kumi na moja.

Msimu huo wa kwanza timu mbili, South Adelaide na Victorian, zilimaliza zikiwa sawa, na ubingwa wakaugawana. Miaka ile magoli peke yake ndiyo yaliyohesabiwa, kwa hiyo sare hazikuwa ajabu. Mimi matokeo hayo nayapenda kuliko fainali yoyote ya mbwembwe, kwa sababu timu zote mbili zilirudi uwanjani mwaka uliofuata. Ligi ngapi za mitaani mmeziona zikifa kwa goli moja lililokataliwa?

Sasa itazameni Port Adelaide. Klabu hiyo iliundwa 1870 na ilikuwa miongoni mwa zilizoanza ligi. Mwaka 1878 akaingia mgeni, Norwood, akachukua ubingwa papo hapo, na akaendelea kuuchukua mara sita mfululizo, hadi 1883. Fikirini mnavyojisikia mkifungwa na timu iliyoundwa juzi, halafu mvumilie miaka sita. Port Adelaide hawakususa. Walipata ubingwa wao wa kwanza mwaka 1884, na leo ni klabu kubwa inayocheza ligi kuu ya Australia nzima. Victorian, waliokuwa mabingwa wa mwanzo, walibadili jina kisha wakatoweka kabla karne haijaisha. Ndiyo maana nawaambia kombe si la kuharakia: anayelibeba mwaka wa kwanza hana hakika ya kuwapo mwaka wa kumi.

Lakini msidhani wazee wale walifanya kila kitu sawa. Adelaide imejengwa juu ya ardhi ya Wakaurna, na walowezi walipokaa kupanga mambo ya viwanja hawakuwaita wenyeji hao. Wanawake nao hawakupata ligi yao chini ya chama kile hadi 2017. Miaka mia na arobaini! Jambo hilo linaniuma, maana mtu mliyemwacha nje siku ya kupatana, kumrudisha ndani ni kazi ya vizazi.

Basi mkikutana, andikeni kwanza kinachofanyika timu mbili zikilingana pointi, na timu isipofika uwanjani. Andikeni refa analipwa na nani, na mwenye malalamiko ayapeleke wapi badala ya kumvamia refa. Mwiteni mwenye kiwanja. Waiteni na wale mabinti wanaocheza jioni nyuma ya shule, wala msiwaite kuja kupika. Waje na nahodha wao, akae mezani. Kila nahodha atie saini mbele ya wenzake, na nakala moja mniletee niisome.