Mkwaruzo Uliokula Mlango Mzima

Katika komini ya Panda, mjini Likasi, Katanga, palikuwa na mzee aliyestaafu kwenye karakana za kampuni ya madini ya Gécamines. Kuchomelea alijua, kunoa alijua, na vijana wa mtaani walimwita fundi hata baada ya kuacha kazi. Akapata Toyota ya rangi ya fedha, gari lililotoka Japani likapita Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, na kila asubuhi alilipangusa kwa kitambaa kikavu. Aliona ni usafi. Kumbe kiangazi cha Katanga huleta vumbi jekundu, na ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi ya gari lolote. Alikuwa anausugua mchanga huo juu ya verni, tabaka la juu kabisa la rangi.

Siku moja usukani wa pikipiki ukamwachia mstari mwembamba kwenye mlango wa dereva. Kijana jirani, anayepiga rangi magari uani kwao, akautazama.

"Papa, uoshe kwanza kwa maji na sabuni. Kisha pitisha ukucha. Ukucha usipokwama, huo ni mkwaruzo wa verni tu, tutautoa."

"Mwanangu, mimi nilianza kusugua vyuma hujazaliwa."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomponza. Chuma cha karakana husamehe. Rangi ya gari ni tabaka tatu juu ya bati: praima, rangi yenyewe, na verni inayong'aa juu. Zote pamoja, kwa gari lililotoka kiwandani, ni kama mikroni 100 hadi 150. Verni peke yake haifiki unene wa unywele. Mafundi huigusa kwa msasa namba 2000 au 3000, uliolowa maji ya sabuni, kwa mkono mwepesi, kisha hurudisha mng'ao kwa dawa ya kupolishi. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini. Mzee alichukua namba 120, mkavu, ule wa kuondolea kutu.

Mwanzoni ulitoka unga mweupe, akafurahi. Unga mweupe ni verni inayoondoka. Kisha vidole vikaanza kushika rangi ya fedha, maana yake verni imekwisha na sasa inaliwa rangi. Hapo bado angeweza kuacha. Akaendelea, maana doa lilikuwa baya kuliko mstari wa kwanza, mpaka bati likaonekana.

Akanunua kopo la rangi ya kupuliza lililoandikwa "fedha". Fedha ziko nyingi. Rangi hiyo ina chembe za alumini, na zikilala vibaya, sehemu iliyopulizwa huonekana kijivu ukitazama upande mmoja na nyeupe upande mwingine. Namba ya rangi ya Toyota imeandikwa kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. 1F7, kwa mfano, ni fedha mojawapo tu. Mzee hakufungua boneti; alipuliza tu, na rangi haikulingana.

Mwishowe alimwita kijana yule yule. Mlango ukasuguliwa wote, ukapigwa praima, rangi na verni, na rangi ikasogezwa kidogo hadi kwenye bawa la mbele ili macho yasione mpaka. Mzee alilipa gharama ya mlango mzima kwa mstari ambao ukucha usingekwama ndani yake.

Nawe, ukiwa umeshafikia bati kama yeye, usiliache wazi ukisubiri hela za rangi. Lipake praima hata kwa brashi, kabla mvua za Novemba hazijafika.